Jumba la Askofu Mkuu Bila Lango

Harufu ya boksi la ndizi lililolowa maji haijawahi kupewa heshima inayostahili. Wengine husifu harufu ya mvua ya kwanza au ya kahawa inayokaangwa. Mimi nipe boksi la ndizi lililolowa, likapakwa gundi ya unga wa ngano, likaachwa likauke karibu na hita ya umeme. Wiki iliyopita nilipita nyuma ya duka moja la matunda pale Fairfield, mvua ndiyo kwanza imekatika, maboksi yamerundikwa ukutani, na pua yangu ikanisimamisha njiani. Nilikuwa nakimbilia treni. Nikaiacha iende.

Harufu ile ilinirudisha jikoni kwetu, katika fleti ya ghorofa ya pili, nikiwa na miaka kumi na moja, nimepiga magoti sakafuni na mkasi mkononi, nimeamua kujenga jumba la askofu mkuu wa Italia. Utaniuliza mtoto wa Kikongo aliyelelewa Sydney alikutana wapi na maaskofu wakuu wa Italia. Nitakwambia, ila usiniharakishe.

Chini yetu aliishi bibi mmoja Mwitaliano aliyeitwa Ines. Nilimwita Nonna Ines, kwani nonna ndiyo bibi kwa lugha yao. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee kwa shifti, na Baba alipakia mizigo katika ghala moja huko Lidcombe, kwa hiyo nikitoka shule hapakuwa na mtu wa kunipokea. Nonna naye vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hana wa kumfungulia makopo. Mama na yeye wakakubaliana, kwa ishara na vipande vya Kiingereza, kwamba mimi na yeye tufaane. Nilifungua makopo mengi ya nyanya katika utoto wangu.

Nonna alizaliwa ndani ya jumba la askofu mkuu. Nilipomuuliza kama alikuwa binti wa askofu alicheka mpaka akakohoa, akafanya ishara ya msalaba, kisha akacheka tena. Baba yake alikuwa bawabu. Familia yao iliishi katika vyumba viwili kando ya lango, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Italia, na kazi ya baba yake ilikuwa kufungua lango alfajiri na kulifunga kengele ya jioni ikilia.

Jumba lile nililijua kabla sijajua njia za Fairfield. Palikuwa na mnara mnene, wa zamani kuliko sehemu nyingine zote, uliojengwa enzi askofu alipokuwa ndiye mtawala wa mji, mwenye askari wake, vyumba vyake vya kufungia watu na ukumbi wake wa kuhukumia. Baadaye wenyeji wakachoka kutawaliwa na mtu mwenye kofia ndefu, wakajenga jumba lao la baraza ng'ambo ya uwanja, na majumba hayo mawili yakabaki yanakodoleana macho kwa karne nyingi. Kisha likaja kundi la maaskofu waliopenda kukaa Roma na kwingineko, wanakula mapato ya majimbo wasiyoyaona, mpaka mkutano mkuu wa Kanisa ukaamuru kila mmoja arudi kwake akakae na watu wake. Wakarudi, wakakuta paa zinavuja. Ndipo majumba mengi yakajengwa upya, yakapata uwanja wa ndani uliozungukwa na nguzo na matao, ngazi pana zenye vidato vifupi ili mzee mwenye joho refu asijikwae, na ghorofa ya heshima yenye picha za maaskofu wote waliotangulia, wote wamenuna. Kulikuwa pia na ujia wa juu uliofunikwa, uliounganisha jumba na kanisa kuu, Askofu Mkuu aende kusali bila kulowa. Na katika ukumbi mmoja kulikuwa na kiti cha enzi kilichogeuzwa kikatazama ukuta, kwa sababu kilikuwa cha Papa peke yake, na Papa hakuwa amekuja. Kila wiki Nonna alitumwa kukifuta vumbi. Aliniapia kuwa hakuwahi kukikalia, lakini alivyoapa nilijua amekikalia.

Nikueleze ukweli, niliionea wivu ile nyumba. Mimi nilikuwa nimeishi chini ya turubai la kambi ya wakimbizi, kisha chini ya turubai jingine, kisha katika fleti ambayo kila baada ya miezi michache mtu alikuja kuikagua kama hatujaichafua. Nyumba iliyokaa mahali pamoja tangu enzi za mapanga ilinitia kiu. Niliitaka iwe yangu.

Nafasi ikaja shuleni. Mwalimu wetu alituambia kila mmoja ajenge mfano wa nyumba inayohusu familia yake, aulete Jumamosi ya maonyesho, na mtu mzima wa familia asimame kando aeleze historia yake. Alikuwa mwanamke mpole, na kwa upole wote akainama mezani kwangu akapendekeza nyumba ya udongo yenye paa la nyasi. Nikamwambia sijawahi kulala katika nyumba ya nyasi. Nikamwambia nitajenga jumba la askofu mkuu wa Italia.

"Lakini Furaha," akasema, "hilo ni la familia yako?"

"Litakuwa," nikajibu.

Angeweza kunikatalia palepale. Badala yake alifikiri kidogo, akasema sawa, mradi siku ya maonyesho aje mtu wa familia yangu awaambie wageni jumba la askofu linatuhusu nini. Asipokuja, jumba litabaki darasani, haliingii ukumbini. Nikakubali haraka, kwa sababu kichwani mwangu mtu huyo alikuwa Mama. Nilipofika nyumbani nikakuta Mama amepangiwa shifti Jumamosi ile, na Nonna miguu yake haikuweza kutembea mpaka shuleni. Akabaki Baba.

Sasa nikujulishe kwa Baba. Baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani, cha kulia na kushoto na angalia mguu, na Kiswahili chake hakukitumia sana pia. Habari za Kongo hakuzigusa kabisa. Wageni wakija kutoka kanisani wakaanza kukumbushana ya kule nyumbani, Baba aliinuka kwenda kuchemsha chai, na chai ile ilichukua muda mrefu sana kuchemka. Kumsimamisha mtu huyo mbele ya wazazi wa shule nzima ilikuwa kazi. Mimi nikaamua kwanza nijenge, mengine yatafuata.

Baba ndiye aliyeniletea maboksi ya ndizi kutoka kazini, bila kuuliza ya nini. Nikakata kuta, nikatoboa madirisha, madogo chini na makubwa juu kama Nonna alivyoniagiza. Nguzo za uwanjani nikazifanya kwa mirija ya karatasi za jikoni, Mama akalalamika kwamba karatasi zenyewe sasa zinatambaa mezani. Kiti cha Papa nilikitengeneza kwa kibiriti, nikakigeuza ukutani. Lango lilinichosha kuliko yote: mbao mbili za boksi, zimechorwa misumari, na ndani ya ubao mmoja kilango kidogo cha kupitia mtu mmoja, kinachofunguka kweli.

Jioni moja Baba alirudi, akavua viatu vya kazi, akasimama juu yangu. Alisimama muda mrefu hata nikaacha kukata. Kisha akachuchumaa, akaweka kidole katika pembe ya uwanja wangu.

"Apa kuko robine," akasema. Robine ni bomba la maji kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Nonna didn't say anything about a tap," nikamjibu. Siku zile Kiswahili nilikisikia chote, lakini nisipokuwa na kazi ya kutafsiri, kilichotoka mdomoni kilikuwa Kiingereza.

"Iko apa," akasema. "Na apa jikoni ya masista. Na apa juu, Monseigneur."

Nilidhani anacheza nami, na Baba hakuwa mtu wa kucheza. Akachukua kisu cha jikoni, akaingiza ncha kwenye gundi ambayo bado ilikuwa mbichi, akaling'oa lango langu. Akalilaza chini, katikati ya uwanja.

"Baba, no! You wrecked it!"

"Mulango haikuwaka kule," akasema. "Ilikuwaka chini." Akaenda kuoga.

Nililia kwa hasira. Mama alikuwa anasonga bugali, akazima jiko, akaketi sakafuni nami, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwa sababu ya mgongo wake. "Baba yako alikuwaka zamu kwa Monseigneur," akasema. "Kule kwetu. Padri mumoja Mwitaliano njo alijenga ile nyumba, na uwanja katikati, na matao. Vita ilikuja, batu bakajaa inje. Baba yako akatoa mulango, akailaza kwa matope, juu bamama balaze batoto. Na wewe ulilalaka apo juu. Ulikuwa mudogo sana." Kisha akaninyooshea kidole. "Usimuulize."

Zamu kwao ni mlinzi wa lango, na Monseigneur ndiye askofu. Fikiria, msomaji wangu: nimeishi miaka yote ile na bawabu wa askofu ndani ya nyumba, halafu nashuka ngazi kila siku kwenda kusikiliza habari za bawabu wa askofu kwa jirani.

Mama alisema nisimuulize, na mimi nilikuwa mtoto mkaidi. "Kichwa ile ngumu ulitoa kwa baba yako," ndivyo Mama alivyozoea kusema, na hakusema kwa kunisifu. Lakini Baba nilimwogopa kidogo, kwa hiyo nilitafuta njia ya kuzunguka. Siku iliyofuata nilishusha jumba kwa Nonna, lango nimelishika mkononi, nikamweleza lilivyong'olewa, nikijua vizuri atakavyowaka.

Akawaka. Alisema jumba la askofu bila lango ni soko. Alisema lango ndilo linalomwonyesha mtu kwamba ndani kuna utaratibu, na kwamba baba yake alilitia lile lango mafuta kila mwezi kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kujua baba yangu ni nani hata aling'oe. Nikamwambia ni bawabu. Akaniambia nimwite.

Baba alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa suti yake ya kanisani, akaketi kwenye ukingo wa kiti jikoni kwa Nonna. Watoto wa kwetu wote mnajua kazi niliyopewa, kwa sababu nanyi mmeifanya hospitali na benki na kwa mwenye nyumba: nilikaa katikati nikatafsiri, Kiingereza cha Nonna upande huu, Kiswahili cha Baba upande ule. Nonna alimuuliza moja kwa moja kwa nini bawabu ang'oe lango. Nilimtafsiria Baba nikiwa nimeangalia meza, nikitarajia ainuke akachemshe chai. Hakuinuka. Labda kwa kuwa jiko halikuwa letu.

"Batu balifika kisha misa ya asubui," akasema. Walikuja na magodoro na watoto, mvua inanyesha. Monseigneur alikuwa safarini. Padri mwekahazina alimwambia afunge, asifungue kwa mtu, kwani wakiingia mia wataingia elfu. Baba akafunga. Mchana mvua ikazidi, na hapo akachukua mtalimbo, akaliinua lango kutoka kwenye bawaba zake, ili hata akiamriwa tena kulifunga pasiwe na cha kufunga. Watu wakaingia. Siku chache baadaye wezi wenye bunduki nao wakaingia, kwani lango halikuwepo, wakachukua gari na unga wa masista, wakampiga padri. Baba akafukuzwa kazi. "Banasema ni mimi niliingiza bezi," akamaliza. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo, na niliyatafsiri yote.

Nonna alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha mezani. Kisha akasema, polepole ili nisikose hata neno, kwamba wakati wa vita vyao, yeye akiwa mdogo kuliko mimi, wanajeshi walikuwa wakisaka watu mjini. Jioni moja watu walikimbilia langoni, wakagonga. Maaskofu wengi wa siku zile waliwaficha watu, alisema, na wa kwao pia aliwahi kuwaficha, lakini jioni ile hakuwepo, na katibu wake akaamuru wafunge. Yeye Ines alikuwa chumbani kando ya lango. Alisikia kugonga, kisha akasikia kugonga kumekoma.

"Baba yangu alifunga," akasema. "Hakuna mtu aliyemwambia amekosea. Hakuna aliyemfukuza kazi. Alilitia lango mafuta mpaka alipokufa, na hakuzungumza nami juu ya jioni ile hata siku moja."

Nikalitafsiri hilo pia. Baba alinyoosha mkono juu ya meza akaushika mkono wa yule bibi, vidole vyake vilivyokakamaa vyote ndani ya kiganja chake, akaushikilia. Baadaye Nonna akajifuta macho, akalichukua lango langu la boksi, akalilaza mwenyewe katikati ya uwanja. Akaniamuru nilipake gundi lisiteleze.

Njiani kupanda ngazi nikamwuliza Baba kama atakuja Jumamosi. Akasema, "Nitakuja."

Jumamosi ikafika na tatizo ambalo mjenzi yeyote mwenye akili angeliona mapema: jumba halikupita mlangoni. Tangu tulipotoka kwa Nonna nilikuwa nimeliongezea ujia na kanisa, likawa pana kuliko mlango wa jikoni. Nililia, Baba akaukata ujia wa kanisani kwa kisu, akanibebesha mimi ujia na kanisa, kisha akakunja taulo likawa ngata, akajitwika jumba lote kichwani. Tulipita hivyo katikati ya Fairfield, mbele ya wauza mboga wa Kivietinamu na wazee wa Kiasuria kutoka Iraki wanaokunywa chai nje, Baba na suti yake na jumba la askofu mkuu kichwani, mkono mmoja tu umelishika. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Leo ningelipa kupata picha ya asubuhi ile.

Mwalimu alitupokea mlangoni, akatufungulia nafasi ukumbini. Wageni wakazunguka meza yetu, wengine kwa ajili ya jumba, wengine kwa ajili ya kiti kile kilichotazama ukuta. Baba alieleza kwa Kiswahili, nami nikapaza sauti kwa Kiingereza. Alieleza mnara, matao, bomba la maji, jiko la masista. Akanyoosha kidole kwenye lango lililolala, akasema, "Uyu mutoto alilalaka apa." Mwalimu wangu aliziba mdomo kwa mkono. Nilijua papo hapo kwamba jumba ni letu na hakuna atakayelitoa ukumbini, na nilijivuna sana, bila aibu yoyote.

Kisha mama wa mwenzangu mmoja, mwanamke wa Kiasuria ambaye nadhani naye alikuwa na habari zake za milango, akauliza: mambo yale yakirudi, na anajua atafukuzwa kazi, angeling'oa tena lile lango?

Nilimtafsiria Baba na jibu tayari lilikuwa ulimini mwangu. Nilitaka aseme ndiyo, kwa sauti. Baba aliligusa lango kwa kidole.

"Ningeitoa asubui," akasema.

Nikatafsiri hivyohivyo, kwamba angelitoa asubuhi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikasirika kidogo. Hakuna aliyemuuliza habari za saa, na nilimwona Baba ameharibu mwisho mzuri kwa kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Nonna Ines amefariki. Mimi siku hizi nachora michoro ya kukarabati majengo ya zamani, na ni kazini, nikipima lango la kanisa moja lenye bawaba zilizoliwa na kutu, miaka mingi baada ya Jumamosi ile, ndipo nilipolielewa lile jibu. Niliweka kipimo changu chini, nikaketi. Watu walifika baada ya misa ya asubuhi. Lango liling'olewa mchana. Saa zile zote katikati Baba alikuwa amesimama upande wa ndani, ufunguo mfukoni, mvua inanyesha, anawasikia wanagonga. Sababu ya kunyamaza kwake nilidhani ni wezi na kazi aliyoipoteza, na siku ile jikoni nilidhani ameushika mkono wa Nonna kwa kumhurumia. Kumbe mpaka mchana ule Baba alikuwa amefanya kilekile alichofanya baba yake Nonna.

Baba amestaafu, anaishi Macquarie Fields na Mama, na bado chai yake inachelewa kuchemka. Sijawahi kumuuliza zaidi, kwa miaka yote hii nimelitii lile neno la Mama. Jumapili hii sitalitii. Nitakaa naye, kwa Kiswahili, nimuulize ni akina nani waliochoka kugonga wakaondoka kabla ya mchana. Alikuwa mlinzi wa lango lile kwa miaka. Naamini anawajua kwa majina.